Zip, rar au 7z? Mwongozo wa kufunga mafaili yako yakae na siku ukiyataka yafunguke

Wadau wa Mbeya mugonile, wa Iringa kamwene, wengine wote habari za muda huu. Naandika hii kwa sababu maswali ni yale yale kila wiki. Mtu anaingia steshenari kwangu hapa Mwanjelwa katoka Uyole na flashi mkononi, "bro nataka kuzipu hizi picha ziwe ndogo, nitumie ipi, winrar au ile nyingine?" Hajatoka anaingia wa pili, ana faili limeandikwa .7z katumiwa na mhasibu wake na simu yake inaliangalia tu, na wa tatu ndo anataka kulia kabisa, kaweka paswedi mwaka jana na hata hajui aliweka nini. Sasa nayamwaga yote hapa, ukiniuliza dukani nakutumia huu uzi na unalipia chai.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Chagua fomati (yaani aina ya faili, zip, rar au 7z) kwa kuangalia nani atalifungua hilo faili na lini, mambo ya limebana kiasi gani weka mwisho kabisa. Faili likiwa dogo kama karanga halafu siku ya kulihitaji halifunguki, basi umelifuta tu kwa njia ndefu.

Nadharia ni hii moja halafu tunaendelea na kazi. Kufunga na kubana ni vitu viwili. Kufunga ni kuweka viazi vyako vyote kwenye gunia moja ili visimwagike njiani, kubana ni kushindilia. Unaweza kufunga bila kushindilia na mara nyingi ndo inavyotakiwa, na ukishindilia sana unapata lumbesa, na lumbesa likipasuka njiani kwenye mzani unajua mwenyewe utakavyookota.

Andaa hivi kwanza

Kompyuta yenye nafasi ya kutosha. Kama folda lako ni GB 10, hakikisha una nafasi nyingine ya GB 10 au zaidi, maana faili jipya linatengenezwa huku la zamani likiwa bado lipo.

Programu ya 7-Zip. Ni ya bure kabisa, haina matangazo, haifiki hata MB 2 kwa hiyo usinambie bando. Aliitengeneza Mrusi anaitwa Igor Pavlov mwaka 1999 na mpaka leo anaiendeleza. Pakua kwenye 7-zip.org, yenye kistari katikati, usiandike tu jina Google ukabofya ya kwanza unayoiona, kuna watu wametengeneza tovuti zinazofanana nayo ili wakuuzie mbuzi kwenye gunia. Kama kazi yako yote ni simu ya Android, weka ZArchiver au RAR, zote zipo Play Store.

Vifaa viwili vya kuhifadhia, kwa mfano flashi na hadi diski (hard disk) ya nje. Kimoja hakitoshi na sitajadili hilo.

Daftari la karatasi na kalamu, kama utaweka paswedi. Niko siriazi.

Umeme au chaji ya uhakika, hasa wenzetu wenye kompyuta za mezani bila UPS (ile betri ya akiba). Umeme ukikatika katikati ya kufunga, ulichopata ni kipande cha faili, futa uanze upya.

Hatua ya 1: jiulize nani atalifungua

Hapa ndo pa kutulia, hatua nyingine zote ni kubofya tu.

Zip ndo jibu kwa watu karibu wote wanaosoma hapa. Ilianzishwa mwaka 1989 na Mmarekani Phil Katz, na alichofanya cha maana zaidi ni kwamba aliweka wazi maelezo ya jinsi fomati yenyewe inavyofanya kazi, mtu yeyote akatengeneza programu ya kuisoma bila kuomba ruhusa. Ndo maana leo Windows inafungua zip yenyewe tangu enzi za XP, Mac inafungua, simu za Android zinafungua na ile Files ya Google bila kuongeza kitu. Ukimtumia mwalimu wako wa Mkwawa au afisa wa halmashauri kule Ludewa faili la zip, hatakupigia simu kukuuliza "hiki kitu nakifunguaje".

Kuna sababu nyingine inayonifanya niipende zip na watu wengi hawaijui. Ndani ya zip kila faili linabanwa peke yake. Zip ikiharibika sehemu, unapoteza faili lililokuwa pale, mengine unayatoa salama. 7z kwa kawaida yake inayaunganisha mafaili mengi kama mnyororo halafu inabana kwa pamoja, ndo maana inapata udogo ule, ila pete moja ikikatika kila kinachofuata kwenye huo mnyororo kimeondoka nacho.

7z itumie kama una vitu vingi vya maandishi, data za mfumo wa mauzo, mafaili ya CSV (majedwali ya maandishi matupu), bakapu ya databesi, na anayekuja kufungua ni wewe mwenyewe au mtu wa kompyuta. Hapo inabana haswa. Windows 11 tangu masasisho ya mwishoni mwa 2023 inafungua 7z na rar bila programu ya ziada, lakini Windows 10 hapana, na ofisi nyingi huku kwetu bado ziko Windows 10 au hata 7.

Rar watu wanaipenda kwa mazoea, WinRAR imekuwepo tangu 1995 na tumekua nayo. Kufungua rar ni bure popote, 7-Zip inafungua, ila kutengeneza rar kwenye kompyuta unahitaji WinRAR yenyewe, na hiyo ni ya kulipia hata kama ile "siku 40 za kujaribu" kwako inaelekea mwaka wa nane. Ina kitu kimoja kizuri sana ambacho zip haina, nitakisema kwenye hatua ya 7.

Tar.gz na tar.xz ni za watu wa Linux na seva. Ukitumiwa, 7-Zip inafungua, itakubidi ufungue mara mbili, kwanza unapata .tar halafu ndani yake ndo mafaili. Usimtumie mama yako hiyo.

Kitu cha kukataa kabisa: faili la "kujifungua lenyewe" linaloishia na .exe. Simu haifungui, Gmail inalikataa hata ukilificha ndani ya zip, na mtu mwenye akili zake hawezi kubofya .exe ya kutumiwa.

Hatua ya 2: angalia ndani ya folda kuna nini

Picha za jpg, video za mp4, nyimbo za mp3, hizi tayari zimebanwa. Ukizizipu hazipungui, labda kidogo mno. Kuna kijana wa studio aliacha laptopu kwangu usiku kucha inabana video za harusi kwa kiwango cha juu kabisa, asubuhi GB 20 imekuwa GB 19 na ushee, feni imelia hadi jirani wa chipsi kaja kuuliza kuna nini. Video ukitaka ziwe ndogo unapunguza ubora wake kwenye programu ya video, hiyo ni kazi nyingine na hairudishiki nyuma, kwa hiyo usifanye kwenye orijino.

Docx na xlsx nazo ni zip tayari! Huamini? Chukua kopi ya ripoti yako ya Word, kopi nasema, badilisha mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .zip halafu ifungue. Utakuta folda linaitwa word, ndani yake kuna lingine linaitwa media, na humo picha zote ulizopachika kwenye ripoti zimepangwa image1, image2, image3. Mimi hii imeniokoa mara kadhaa mteja akija na Word imegoma kufunguka na anataka angalau picha zake za fildi.

Vinavyobanika vizuri ni maandishi matupu, CSV, bakapu za databesi, picha za bmp na sauti za wav. Ila wanakwaya, kama mnahifadhi rekodi za wav, zigeuzeni flac, sauti inabaki ile ile kabisa na faili linapigwa moja kwa moja bila kulifungua kwanza.

Hatua ya 3: tengeneza faili

Weka kila kitu kwenye folda moja. Raiti-kliki hilo folda, nenda 7-Zip, chagua "Add to archive". Kama uko Windows 11 na huioni, bofya kwanza "Show more options" pale chini.

Dirisha litafunguka lina vitu vingi vya kutisha, usiogope, gusa hivi tu:

1. Jina. Anza na tarehe kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku, halafu neno linaloeleweka. Mfano 2025-07-14_amcos_mahesabu.zip. Ukianza na mwaka mafaili yanajipanga yenyewe. Majina kama "MPYA FINAL FINAL2" tuyaache kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.
2. "Archive format" chagua zip.
3. "Compression level", kama ni nyaraka acha Normal, kama ni picha na video chagua Store, yaani funga bila kushindilia, itamaliza haraka na hautapoteza chochote.
4. Kile kiboksi cha "Delete files after compression" USIKITIKI. Kinafuta mafaili yako ya asili mara tu kufunga kukiisha, kabla hujajua kama kilichofungwa ni kizima.

Bofya OK, subiri.

Angalizo la flashi: flashi nyingi, hasa za GB 32 kushuka, zinakuja na mfumo wa FAT32, na huo haupokei faili moja linalozidi GB 4 hata kama flashi ni tupu. Watu wanafikiri flashi mbovu. Una njia mbili. Unaweza kuifomati flashi iwe exFAT, na kufomati kunafuta vyote vilivyomo kwa hiyo hamisha kwanza. Au unakata faili vipande kwenye lile boksi la "Split to volumes", utapata .001, .002, .003 na kuendelea. Mimi napendelea exFAT, maana vipande vinataka viwepo VYOTE, kikikosekana kimoja cha katikati umekwama, na binadamu tunavyopoteza vitu...

Hatua ya 4: paswedi, kama kuna ulazima

Picha za send-off hazihitaji paswedi. Orodha ya mishahara, majina na namba za wanachama wa ushirika, taarifa za wagonjwa, hizo zinahitaji, na tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 sio suala la ustaarabu tu.

Ile zip ya Windows yenyewe haina sehemu ya kuweka paswedi, kwa hiyo tumia 7-Zip. Kwenye dirisha lile lile kuna sehemu ya Encryption. Ukichagua zip inakuja na ZipCrypto, badilisha iwe AES-256, ndo kufuli la kweli. ZipCrypto ni ya zamani na inavunjika, ni kama kufuli la begi. Ubaya wa AES ni kwamba Windows peke yake haitaifungua, anayepokea lazima awe na 7-Zip au WinRAR, mwambie mapema.

Na hili wengi linawashangaza: zip yenye paswedi inaficha yaliyomo lakini MAJINA ya mafaili yanaonekana. Ukiwa na faili linaitwa "barua ya kumfukuza kazi" na jina la mtu, hata asiye na paswedi analiona. Kama majina nayo ni siri tumia 7z na utiki "Encrypt file names".

Paswedi ndefu ni nzuri kuliko yenye vialama. Maneno manne matano yasiyohusiana, yaandike kwenye daftari, daftari likae mbali na kompyuta. Ukisahau paswedi ya AES-256 hamna fundi wa kuirudisha, si mimi si wa Dar, anayekwambia anaweza kwa elfu hamsini anataka hamsini yako. Na usitume paswedi kwenye meseji ile ile uliyotuma faili, piga simu mtajie.

Hatua ya 5: lipime

Hatua hii wanairuka karibu wote, na mimi niliwahi kuiruka, sasa nisikilize.

Miaka ya nyuma nilirekodi harusi moja ya Tukuyu, mvua ya kule mnaijua, tukarekodi ndani ya kanisa na nje chini ya maturubai, siku mbili. Nikafunga zip, nikaikopi kwenye flashi ya "TB 2" niliyonunua kwa mchuuzi kwa bei ambayo nikiwaza leo naona aibu, nikaona imekopi hadi mwisho, nikafuta za kwenye kompyuta kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Baada ya wiki mbili nafungua ili niediti, faili linaonekana, ukubwa wake upo, jina lipo, halifunguki. Kumbe flashi ilikuwa ya GB 8 imedanganywa ijitangaze TB 2, ikijaa inaendelea kupokea huku inamwaga nyuma. Nilirudisha hela ya watu yote na mpaka leo tukikutana na mama wa bibi harusi pale Kabwe navuka barabara.

Kwa hiyo: raiti-kliki faili la zip, 7-Zip, "Test archive". Programu inapitia kila faili ndani na kulinganisha na namba yake ya ukaguzi iliyohifadhiwa humo humo. Mwisho inakwambia "There are no errors". Unalipima kwanza kwenye kompyuta, halafu ukishalikopi kwenye flashi, ichomoe flashi kwa ile njia ya "Eject", irudishe, ulipime tena pale pale kwenye flashi. Ya pili ndo yenye maana, na ukiipima bila kuchomoa kompyuta inaweza kukusomea kopi iliyobaki kwenye kumbukumbu yake, ukadhani flashi nzima.

Flashi mpya yoyote ya bei ya ajabu ipime na H2testw, ni programu ya bure, inaijaza flashi data halafu inaisoma tena, inakwambia ukweli ni GB ngapi. Inachukua muda, iache wakati unaenda kula.

Hatua ya 6: chukua alama ya kidole

Kama faili ni la maana, raiti-kliki, CRC SHA, chagua SHA-256. Itatoa mstari mrefu wa herufi na namba. Unaunakili kwenye faili la maandishi kando ya zip. Siku yoyote na kompyuta yoyote ukitoa tena ule mstari na ukawa sawa, basi faili halijabadilika hata herufi moja. Kama hauna 7-Zip, kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

certutil -hashfile jina.zip SHA256

Huna haja ya kusoma herufi moja moja kama unakagua risiti, ile mistari miwili ipange juu na chini, ikitofautiana utaona.

Hatua ya 7: kopi mbili, sehemu mbili

Moja nyumbani, moja kwa ndugu au ofisini. Ukiweka flashi na hadi diski kwenye begi moja na begi likaachwa kwenye daladala ya Mbalizi umepoteza zote. Kama una bando weka nyingine kwenye Google Drive, ila kama ni vya siri ziwe zimeshafungwa na paswedi kabla ya kupanda.

Hapa sasa ndo pa rar. Kwenye WinRAR kuna kiboksi "Add recovery record", inaongeza data ya akiba ndani ya faili, faili linakuwa kubwa kidogo, na kama hadi diski ikija kupata vidoa vidogo huko mbele WinRAR inaweza kulitengeneza faili kwa kutumia ile akiba. Watu wa studio wenye video za miaka na hadi diski moja ya kuzungushia, kwa maoni yangu hii inastahili hela ya leseni. Usipotaka kulipa, kuna MultiPar ya bure, inatengeneza mafaili ya .par2 kando ya zip yako, kazi ni ile ile, ila ina hatua zaidi za kubofya.

Hatua ya 8: lifungue kwenye mashine ya mtu mwingine

Peleka flashi kwenye kompyuta nyingine kabisa, au chomeka kwenye simu kwa OTG (kile kiunganishi cha flashi na simu), toa mafaili matatu manne, yafungue uyaone. Likishafunguka huko, na kopi mbili zipo, SASA una ruhusa ya kufuta ya asili.

Na mara moja kwa mwaka rudia. Flashi ikikaa miaka bila kuchomekwa inapoteza data polepole, sio kitu cha kuweka kwenye sanduku kama hati ya shamba. Mimi nafanya wiki ya Nanenane, watu wote wako uwanjani John Mwakangale na dukani hamna kitu, natoa flashi zote nazipima moja moja.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kubadilisha .rar kuwa .zip kwa kuandika jina upya. Hapo umebadilisha kibao cha dukani, bidhaa ndani ni ile ile. Kubadilisha kweli ni kutoa mafaili yote halafu kuyafunga upya.

Kuandika kazi ndani ya zip. Dada mmoja wa chuo alifungua zip, akadabo-kliki sura ya nne ya risachi yake humo humo, akaandika saa tatu, akasevu, akafunga. Kesho yake sura ya nne iko kama ilivyokuwa juzi. Windows ilikuwa imemtolea kopi ya muda kwenye folda la Temp na yeye ndo alikuwa anaandikia huko. Tuliipata kwa kuandika %temp% kwenye dirisha la kutafuta, bahati yake hakuwa amesafisha kompyuta. Toa kwanza ("Extract"), ndo uandike.

WinRAR ya kukraki au ya mwaka wa nyuma sana. WinRAR haijisasishi yenyewe. Zilizo chini ya toleo 6.23 la 2023 zilikuwa na tundu ambalo wezi walilitumia kweli, ukifungua picha tu ndani ya faili unaendesha virusi, na 2025 likapatikana jingine likazibwa kwenye 7.13. Kama yako ni ya kwenye CD ya fundi, itoe leo. Na 7-Zip nayo haijisasishi, angalia uwe walau na 25.01 kwenda juu.

Kupandisha nyaraka za ofisi kwenye tovuti za "badili rar kuwa zip bure". Umewapa watu usiowajua mishahara ya ofisi nzima ili kuokoa dakika mbili.

Likigoma

*Inasema haiwezi kulifungua kama archive.* Linganisha ukubwa na wa faili la asili. Zip na 7z zina orodha ya yaliyomo mwishoni mwa faili, kwa hiyo likikatika njiani, bando limeisha au flashi imechomolewa, kinachokosekana ni ile orodha na programu haioni kitu. Pakua au kopi upya. Kama la asili halipo tena na ni zip, jaribu Repair ya WinRAR, kila faili ndani ya zip lina kichwa chake kidogo kwa hiyo huwa inaokota baadhi. Kwa 7z nafasi ni finyu sana.

*"CRC failed" au "Data error".* Data imeharibika. Chukua ile kopi ya pili. Huna? Kama ni zip endelea kutoa, mengine yatatoka, hilo moja ndo limeumia.

*Paswedi inakataa na una uhakika nayo.* Uliiweka kwenye simu? Kibodi ya simu inapenda kuweka herufi kubwa mwanzoni na nafasi mwishoni bila wewe kuona. Jaribu hivyo. Angalia na Caps Lock.

*"Unsupported method", au Windows inakupa kosa lisiloeleweka kwenye zip ya paswedi.* Programu yako ni ya zamani, au ni ile AES niliyosema. Weka 7-Zip mpya.

*Inasema jina au njia ni ndefu mno.* Windows kwa kawaida inahesabu herufi 260 kwa njia nzima ya faili, na wewe una folda ndani ya folda ndani ya folda. Tengeneza folda fupi C:\a utolee humo.

*Kompyuta inaganda wakati wa kufunga.* Umechagua Ultra kwenye mashine ya RAM GB 2. Dirisha la 7-Zip linaonyesha pale chini memori itakayotumika, shusha "Dictionary size" mpaka iwe chini ya nusu ya RAM yako, au rudi Normal.

*Una .002 na .003 lakini .001 haipo.* Mpigie aliyekutumia. Zikipatikana zote ziweke folda moja, fungua .001 tu, nyingine 7-Zip itazifuata yenyewe.

*Limezidi kutumwa.* Gmail mwisho MB 25. WhatsApp inabeba hadi GB 2 ila tuma kama dokumenti, na picha ukitaka zifike na ubora wake nazo zifunge zip uzitume kama dokumenti hivyo hivyo. Zaidi ya hapo wape konda wa basi la Njombe flashi ndani ya bahasha, andika namba ya simu juu, na kopi ya pili ibaki nyumbani.